Boeing 727: Ndege kongwe iliyowapendeza marubani

MIONGONI mwa ndege za abiria za karne ya 20, ni chache zilizopendwa na marubani wake kama Boeing 727. Mapenzi hayo hayakutokana na wepesi wa kuiendesha. Ndege hiyo ilimtii rubani stadi na kumwadhibu mzembe.

Iliruka kwa mara ya kwanza nchini Marekani mnamo Februari 9, 1963 na kuanza kubeba abiria mwaka uliofuata. Utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1984, ndege 1,832 zilikuwa zimeundwa. Injini zake tatu zote ziko nyuma karibu na mkia, na kwa hivyo mabawa hayakubebeshwa injini.

Siri ya ndege hii imo katika mabawa hayo. Mashirika yalitaka ndege yenye kasi angani, lakini iwezayo kutua katika viwanja vyenye njia fupi kama vile La Guardia, New York. Wahandisi walibuni mabawa yaliyoinama nyuma, yafaayo kwa kasi, kisha wakayatia mabamba yanayochomoza mbele na nyuma wakati wa kutua. Bawa hupanuka, na ndege huweza kwenda polepole pasipo kuanguka.

Hata hivyo, mabamba hayo huleta ukinzani mkubwa wa hewa. Rubani akipunguza mno nguvu za injini, ndege huporomoka upesi, nazo injini za aina ile huchukua sekunde kadhaa kurejesha nguvu. Mnamo Novemba 11, 1965, 727 ya shirika la United iligonga ardhi kwa kishindo ikitua Salt Lake City na kushika moto. Watu 43 kati ya 91 walifariki. Wachunguzi walisema nahodha hakuchukua hatua mapema kuizuia kushuka kwa kasi. Ilikuwa ajali ya tatu ya 727 nchini humo katika muda wa miezi mitatu.

Mafunzo yalitiliwa mkazo, na waliofuzu wakajivunia ustadi wao. Chumba cha marubani kilikuwa na watu watatu: nahodha, msaidizi wake na mhandisi aliyesimamia mafuta, umeme na shinikizo la hewa. Kazi ambazo leo hufanywa na kompyuta zilifanywa kwa macho na mikono.

Gharama ndizo zilizoiondoa 727 angani. Ilikunywa mafuta mengi, ilipiga kelele na ilihitaji mshahara wa mtu wa tatu. Mnamo Machi 2, 2016, 727 ya kwanza kabisa kuundwa ilifanya safari yake ya mwisho, kutoka Everett hadi jumba la makumbusho Seattle, baada ya kukarabatiwa kwa miaka mingi.

Ndege za kisasa ni salama zaidi, na hilo halina ubishi. Lakini mnamo Julai 6, 2013, Boeing 777 ya shirika la Asiana ilianguka ikitua San Francisco, na watu watatu wakafariki. Mwendo ulikuwa umepungua mno, ilhali marubani walidhani mtambo ungeudhibiti wenyewe. Wanaoisifu 727 hawasukumwi na kumbukumbu za ujana pekee. Wanatetea mkono wa rubani usisahau kazi yake.