Makavazi ya Karen Blixen yenye chimbuko Uswidi

MAKAVAZI ya Karen Blixen, yaliyoko mtaani Karen jijini Nairobi, karibu na vilima vya Ngong, yana jina la mwandishi kutoka Denmark. Hata hivyo, chimbuko la nyumba hiyo ni Uswidi.

Ilijengwa mnamo 1912 na mhandisi Åke Sjögren, raia wa Uswidi. Mnamo 1917 ikawa makao ya Karen na mumewe, Baroni Bror Blixen wa Uswidi, waliofunga ndoa mjini Mombasa Januari 1914.

Shamba lao lilikuwa na takriban ekari 4,500, na ekari 600 kati ya hizo zilipandwa kahawa. Kazi ilitegemea jasho la Wakikuyu, ambao wengi wao waliishi humo wakihesabiwa kuwa maskwota.

Eneo hilo liko juu mno kwa kahawa kustawi. Mazao yalikuwa haba na bei ikaporomoka. Ndoa ilivunjika mnamo 1925, shamba likauzwa, na Karen akarejea Denmark mnamo 1931. Bror alifariki nchini Uswidi mnamo 1946.

Baadaye, serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo iwe zawadi ya uhuru. Filamu ya “Out of Africa” ya 1985 iliwavutia watalii wengi, na mnamo 1986 nyumba ikafunguliwa kuwa makavazi.

Leo wageni huonyeshwa samani za walowezi hao. Nje zimesalia mashine za kahawa, ambazo ndizo ukumbusho wa vibarua waliolihudumia shamba hilo.