Kuchuma si Kung'oa

"Uchumi wa Kibudha." Jina hili, lililoenezwa na mwanauchumi E. F. Schumacher katika kitabu chake cha 1973, ukilitamka sokoni Tarime utaambiwa hiyo ni dini ya wenyewe. Ilhali maana yake, kupata maisha mema kwa matumizi machache, si ngeni kwetu. Tulitafutie jina.

Tuanze na uchumi. Shina lake ni kuchuma. Mama wa Turwa, hapa Tarime, huchuma majani machanga ya kunde, akaliacha shina lichipue. Siku chache baadaye anarudi. Angeng'oa, angekula mara moja. Basi hata Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu, neno lenyewe linatuuliza: tunachuma au tunang'oa?

Maendeleo yametoka kwenye kuendelea, lakini hayasemi tunaelekea wapi. Hata deni huendelea. Ustawi umeiva zaidi: mgomba uliostawi huzaa, haushindani kurefuka.

Biashara ni Kiarabu cha kuuza na kununua, haina sifa wala lawama. Magendo ya mpakani Sirari nayo ni biashara. Riziki ndiyo huulizwa: ya halali? Wabudha wanahimiza riziki njema. Sisi swali hilo tunalo tayari.

Kazi, kwa Schumacher, humkuza mtu, humkutanisha na wenzake, ndipo huleta mali. Wakurya wana risaga: leo shamba langu, kesho lako, mwenye shamba akiwakirimu wenzake. Kiswahili kina ujima, ila vitabu vya shule vimeufungia kwenye zama za kale. Tuufungulie.

Neno kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, linanifurahisha. VICOBA ni kifupisho cha Kiingereza. Watu wakasikia "vi-", wakapata umoja wake, kikoba, na kumbe mkoba mdogo ulikuwa ukiwasubiri. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu: hakuna anayeng'oa peke yake.

Sasa jina. Kinaa ni tamu, lakini mtu hukinai hata wali, akausukuma. Kutosheka hukaa moyoni, hakupimiki. Kiasi ni kipimo na ni tabia pia. "Mtu wa kiasi" husifiwa. Napendekeza uchumi wa kiasi.

Mwaka 1962 Nyerere, mtoto wa Butiama, mkoa mmoja na Tarime, alilitwaa neno la nyumbani, ujamaa, akalipa kazi ya taifa. Nawe, mlinzi mwenzangu wa lugha, litamke hili kwenye kikao kijacho cha kikoba. Wakilikataa, leta lako.