Anwani si Mtu: Hakimiliki na Adhabu ya Kukatiwa Intaneti, kwa Mtazamo wa Nakivale na Oruchinga

Mwenye wimbo ana haki ya kula jasho lake, na makala haya hayabishani na haki hiyo. Yanabishana na adhabu moja ambayo kampuni za muziki na filamu zimeidai kwa miaka mingi: mtoa huduma amkatie intaneti mteja anayetuhumiwa kunakili kazi isiyo yake. Hoja yangu ni kwamba tuhuma ya aina hii haimtambulishi mkosaji, kwa hiyo adhabu yake huwaangukia wasiohusika. Ukweli huo huonekana wazi zaidi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga, wilayani Isingiro, Uganda.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Wakala wa mwenye haki huingia kwenye mitandao ya kubadilishana mafaili, hunukuu anwani ya intaneti inayosambaza filamu, kisha hupeleka notisi kwa kampuni iliyoitoa anwani hiyo. Lakini anwani hutaja muunganisho tu. Katika mitandao ya simu, kwa sababu ya uhaba wa anwani, wateja wengi hutumia moja kwa wakati uleule. Tena bando la mmoja hurushwa kwa jirani, na simu ya baba ndiyo ya mama na ya watoto.

Hata jina la usajili laweza kupotosha. Uganda ilipodai kitambulisho cha taifa kwa kila laini, wakimbizi walifungiwa mlango, na wapo waliotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano iliruhusu kitambulisho cha mkimbizi au barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ikiwa laini ya jana ilikuwa na jina la Mganda wa Mbarara huku ikitumiwa na Mkongomani wa Nakivale, notisi ingemkamata nani?

Ufaransa ilikwisha kujibu sehemu ya swali hili. Mwaka 2009 bunge lake liliipa Hadopi, mamlaka ya kulinda hakimiliki mtandaoni, uwezo wa kumkatia mtu intaneti baada ya maonyo. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo Baraza la Katiba lilikataa: kufika kwenye intaneti ni sehemu ya uhuru wa kujieleza, na chombo kisicho mahakama hakiwezi kuuondoa. Uwezo huo ukahamishiwa kwa hakimu, na mwaka 2013 adhabu yenyewe ikafutwa. Huko Marekani, msukumo ulikuja kwa njia ya fedha. Mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama huko Virginia liliitoza kampuni ya intaneti ya Cox dola bilioni 1 kwa kutowakatia wateja waliorudia kosa. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilikitengua kiwango hicho. Hata hivyo, kampuni inayotishwa kwa deni kama hilo itakata kwanza na kuuliza baadaye.

Wenye haki watasema kwamba kesi huchelewa na wasanii wanakufa njaa. Malalamiko hayo ni ya haki, hasa kwa msanii wa hapa ambaye nyimbo zake huuzwa kwenye memori kadi bila yeye kupata shilingi. Lakini dawa ipo. Marekebisho ya sheria ya Kenya ya 2019 humtaka mtoa huduma azuie kazi inayolalamikiwa ndani ya saa 48 za kazi. Linalozuiwa ni faili. Mteja hubaki hewani. Nayo Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 humfungulia mwenye haki mlango wa mahakama, ambako anayeuza kazi za wengine kibiashara aweza kushtakiwa kwa jina lake na kujitetea.

Kwa mkimbizi, laini ndiyo sauti ya ndugu aliyebaki Kivu, ndiyo pesa iliyotumwa na shangazi, ndiyo somo la mtoto. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa usawa, bila kuuliza alizaliwa wapi. Uganda ikiandika upya kanuni zake, na izuie kazi iliyoibwa, imshtaki anayefanya biashara nayo, na isikate laini ya nyumba nzima kwa sababu ya namba ambayo haijui nani alikuwa ameshika simu.