Kambove: mji wenye historia ndani ya shimo

Kambove iko karibu kilometa 25 kutoka Likasi, upande wa kaskazini-magharibi. Mgeni anayependa kutembelea miji ya zamani hatakuta hapa ngome wala jumba la mfalme. Kuko shimo la mgodi, na hilo ndilo kumbukumbu kubwa ya mahali.

Mbele Wazungu hawajafika, Wasanga walichimba hapa malakiti, yale mawe ya kijani. Kazi ilikuwa ya wakati wa jua, kisha mavuno. Tanuru walijenga na udongo wa kichuguu, wakachochea moto wa makala kwa mivukuto ya ngozi. Shaba, mukuba sawa vile wazee wanavyosema, ilimiminwa ikawa msalaba. Misalaba hiyo ilitembea mbali sana: watu waliinunulia vitu, waliitoa mahari, na huko Upemba imekutwa katika makaburi ya zamani, pamoja na maiti. Ndiyo ile mitatu iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga kati ya 1960 na 1963.

Mwaka 1892 mjiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita katika migodi ya Katanga. Wanasema aligundua utajiri, lakini mashimo aliyoyakuta yalikuwa yamechimbwa tayari na wenyeji. Union Minière ilianzishwa 1906, reli ikafika Kambove 1913, ikaendelea mpaka Bukama 1918. Gécamines ilirithi kazi hiyo 1967.

Shida ni hii: kampuni zilichimba pale pale wazee walipochimba, juu ya shaba ni ile ile. Kwa hiyo mashimo ya zamani yamemezwa na mapya, na anayetaka kuuona msalaba wenyewe afadhali aende kwenye Musée ya taifa, Lubumbashi.

Mgodi si bustani. Ni mali ya kampuni: omba ruhusa kwanza, usisimame ukingoni, zaidi wakati wa mvua. Shinkolobwe, kulikotoka uranium ya bomu la Hiroshima, imefungwa tangu 2004. Usidanganywe na mtu anayejitolea kukupeleka.

Kurudi, pita Likasi, iliyoitwa Jadotville mpaka 1966. Jina lilikuwa la Jean Jadot, mkubwa mmoja wa kampuni. Kambove, yenyewe, ilibaki na jina lake.