Miembe ya Njia ya Misafara

Kwetu Ujiji embe lililoanguka halina mwenyewe. Anayelikuta ndiye mlaji, awe mtoto wa shule au mama wa dagaa anayetoka mwaloni. Kutungua ni habari nyingine. Hapo utapiga hodi kwanza nyumba ya jirani.

Miembe yetu mikongwe, iliyosimama safu mbili, ni masalia ya njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya frasila mbili, karibu kilo 32 begani. Njia hiyohiyo ilipitiwa na watu waliofungwa minyororo shingoni, na sitaki wasahaulike kwa sababu ya utamu wa embe.

Husimuliwa kwamba miti hii iliota kutokana na kokwa walizotupa watu wa misafara hiyo. Michache, huenda, kwani kokwa ya embe ikipata mvua haikawii kuchipua. Lakini kokwa za kutupwa haziotei kwenye mstari. Mimi nasadiki ilipandwa kwa makusudi, na watu waliojua thamani ya kivuli mchana wa jua kali. Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, miembe ipo pia.

Reli ilipofika Kigoma, jirani yetu, mwaka 1914, mizigo ilihamia kwenye mabehewa. Miti ikabaki kuwa ya watu.

Maembe yake ni madogo, yana nyuzi zinazonasa menoni, na maji yake hutiririka hadi kwenye kiwiko. Usiku wa msimu popo hugombana matawini. Asubuhi utakuta chini nyama ya embe iliyotafunwa ikatemwa. Shore hudonoa yaliyoiva juu kabisa, yale ambayo hakuna fimbo inayoyafikia. Kwenye mashina yenye mapango hulala bundi.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hata hivyo, mti mmoja ukifa, pengo hujengwa kibanda. Naomba mapengo hayo yapandwe miembe. Wengine wanapendekeza miche ya kubebesha kwa kuwa huzaa mapema, lakini hiyo hubaki mifupi, na bundi hatapata pango humo. Tuoteshe kokwa za miembe hii hii, mvua zikianza.