Dumuzi: Mdudu wa Magogo Aliyehamia Ghalani

Bandua gome la tawi lililokufa popote wilayani Mbulu au Hanang, utakuta vijia vimejaa unga laini wa mbao. Wanaovichimba ni mbawakawa wa aina nyingi. Mmoja wa jamii yao, dumuzi, ndiye aliyeiachia Tanzania hasara kubwa ghalani, na mengi katika kisa chake yanaeleweka tu ukikumbuka kwamba kwa asili ni mdudu wa miti.

Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mwaka 1878 Mmarekani George Horn alimweleza kisayansi, na leo wataalamu humwita Prostephanus truncatus. Afrika Mashariki haikumjua hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa Tabora walipoona mahindi yao yakisagika ghalani. Walimpa jina la Skania, lile lori kubwa. Mwaka 1981 W. R. Dunstan na I. A. Magazini walichapisha taarifa iliyomtambulisha, na utafiti wa 1983 ukaonyesha kwamba miezi mitatu hadi sita ghalani ilitosha kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi.

Kumtambua kulikuwa na faida ya moja kwa moja. Fukusi wa mahindi, mdudu mwingine wa ghalani, ana mdomo mrefu uliochongoka, dumuzi hana. Mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha penseli, urefu wa milimita tatu hadi nne na nusu, kichwa kimefichwa chini ya ngao ya kifua, na nyuma amekatika ghafla kama aliyepigwa msumeno. Tofauti hiyo iliamua dawa: pirimifosi-methili iliyomuua fukusi vizuri ilimdhuru dumuzi kidogo sana, na permethrini ikafanya kinyume. Ndiyo sababu zikachanganywa katika unga mmoja. Wakulima wakaambiwa pia wapukuchue, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi.

Lakini ushauri huo peke yake hauwamalizii kazi wakulima wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa sababu ya mbao za majengo yao. Nyumba za kale za Wairaqw zina paa bapa la udongo linalobebwa na nguzo na fito, na vihenge vingi navyo hujengwa kwa miti. Dumuzi hutoboa mbao hizo pia, kwa hiyo kufagia ghala tupu hakutoshi.

Wala haishi nyumbani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti nchini Kenya walimkuta akizaliana katika matawi makavu ya jamii ya manemane, na mitego yenye harufu ya dume ikamnasa porini, mbali na mashamba. Miti ya jamii hiyo imeenea katika nyanda kavu za Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu wanakoishi Wahadzabe.

Harufu hiyohiyo humvuta adui wake, Teretrius nigrescens, mbawakawa mdogo mweusi anayewinda ndani ya vijia vya dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya 1992. Amesaidia mahali fulani, lakini ghala likijaa mahindi dumuzi huongezeka haraka kuliko yeye, na mkulima bado analazimika kupukuchua, kuchanganya dawa na kukagua nguzo kabla ya mavuno mapya kuingia.