Safari ya Basi Kwenda na Kutoka Ngorongo, Rufiji: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuondoka

Kata ya Ngorongo ni miongoni mwa kata za Halmashauri ya Wilaya ya Rufiji, mkoani Pwani. Ipo upande wa kaskazini wa Mto Rufiji, magharibi mwa Mkongo, katika njia inayotoka Kibiti kuelekea Mloka, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wakazi wake wengi ni wakulima na wavuvi, na kwa walio wengi basi la abiria ndilo linalowaunganisha na soko, hospitali, benki, shule za bweni na ndugu walioko Dar es Salaam.

Anayeitazama ramani anaweza kudhani kuwa safari ya Ngorongo ni fupi, kwa kuwa wilaya hii inapakana na maeneo yanayofikika kwa saa chache kutoka Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba safari hii ina vipande viwili visivyofanana. Kipande cha kwanza, cha Dar es Salaam hadi Kibiti, ni cha lami na kina magari mengi kutwa nzima. Kipande cha pili, cha kutoka Kibiti kuingia ndani ya bonde, ni cha barabara ya udongo na changarawe, na magari yake ni machache. Kwa wanaokwenda ng'ambo ya mto, hasa Utete yaliko makao makuu ya wilaya, kipo pia kipande cha tatu, nacho ni mto wenyewe.

Kutokana na hali hiyo, msafiri wa Ngorongo anashauriwa kupanga safari yake kuanzia mwisho: ajue kwanza gari la mwisho la kuingia bondeni linaondoka Kibiti saa ngapi, ndipo aamue muda wa kutoka Dar es Salaam. Wengi wanaolala Kibiti bila kukusudia ni wale waliopanga kinyume chake.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti

Magari mengi ya Kibiti, Ikwiriri na maeneo mengine ya ukanda huu hupatikana Mbagala Rangi Tatu, kandokando ya Barabara ya Kilwa. Kutoka hapo njia hupita Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani na Bungu kabla ya kuingia Kibiti. Umbali kutoka katikati ya jiji hadi Kibiti ni takriban kilometa 140, na barabara yote ni ya lami. Ikwiriri ipo mbele zaidi, takriban kilometa 30 kutoka Kibiti.

Magari yanayotumika ni mabasi makubwa yanayoendelea Kilwa, Lindi na Mtwara, pamoja na Coaster na Hiace zinazoishia Kibiti au Ikwiriri. Abiria anayepanda basi la Lindi au Mtwara kwa nia ya kushuka Kibiti anatakiwa kumweleza kondakta mapema na kuhakikisha kuwa tiketi yake inaonesha Kibiti, ili asitozwe nauli ya kituo asichofika.

Msafiri wa Mafia naye hutumia barabara hiyohiyo, lakini huiacha Bungu na kuelekea bandari ya Nyamisati, kwenye vyombo vya majini vya Kilindoni. Ni vyema kuwa makini kituoni, kwani gari la Nyamisati haliwezi kumfikisha abiria wa Ngorongo anakokwenda.

Kutoka Kibiti hadi Ngorongo

Kibiti ndipo msafiri anapoiacha barabara kuu na kuelekea magharibi, kupitia Mkongo, katika njia ya Mloka. Ipo pia njia inayotokea Ikwiriri kwenda Mkongo, ambayo huwafaa wanaotoka upande wa kusini.

Mabasi ya vijijini kwa kawaida hufuata mwendo wa soko. Basi hulala kijijini, huondoka alfajiri likiwa limebeba wagonjwa, wafanyabiashara na wanafunzi, kisha hurudi mchana au jioni likiwa na bidhaa za madukani na abiria waliomaliza shughuli zao. Maana yake ni kwamba mtu anayetoka mjini huingia bondeni mchana au jioni, na anayetoka kijijini hulazimika kuamka usiku. Anayefika Kibiti asubuhi akitarajia kupata basi la kwenda ndani huenda akasubiri kwa saa nyingi, na anayefika baada ya jua kuzama huenda asipate gari kabisa.

Mbali na mabasi, zipo Noah na magari mengine madogo yanayobeba abiria, ambayo huondoka yakijaa. Bodaboda nazo hupatikana, lakini kwa umbali huu zina gharama kubwa na hatari zaidi, hususan nyakati za usiku. Njia ya Mloka inapakana na maeneo ya wanyamapori, na tembo huonekana. Kupanda juu ya shehena ya lori la mizigo ni kosa kisheria, na ajali moja ya namna hiyo huondoa maisha ya watu wengi kwa wakati mmoja.

Kuvuka kwenda Utete

Mwananchi wa Ngorongo anayefuata huduma za ofisi za wilaya au Hospitali ya Wilaya anahitaji kufika Utete, upande wa kusini wa mto. Njia ya kwanza ni kufika Mkongo na kuvuka mto kuelekea Utete. Njia ya pili ni ya kuzunguka: kurudi hadi barabara kuu, kupita Ikwiriri, kuvuka Daraja la Mkapa, kisha kuingia Nyamwage na kuelekea Utete. Njia hii ya pili ni ndefu zaidi, lakini haitegemei hali ya mto kama ile ya kwanza.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yote ya kusini yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na mto ulipojaa foleni ilidumu kwa siku kadhaa. Wazee wa Rufiji na wasafiri wa Lindi na Mtwara wanaikumbuka hali hiyo vizuri. Daraja liliondoa adha hiyo katika barabara kuu, ila kwa vijiji vya ndani ya bonde mto umeendelea kuwa sehemu ya safari.

Anayevuka kwa mtumbwi azingatie mambo matatu: asivuke usiku, asikubali chombo kilichojazwa kupita kiasi, na asikae ukingoni mwa maji akisubiri chombo, kwa kuwa Mto Rufiji una mamba na viboko.

Msimu hubadili safari

Bonde la Rufiji huishi kwa kufuata maji. Kwa vizazi vingi wakulima wamepanda mpunga wakati wa mvua na kulima mlau baada ya maji kupungua. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kufuatia mafuriko makubwa, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji iliyowahamisha wananchi wengi kutoka bondeni kwenda maeneo ya miinuko. Makazi yakahama, lakini mashamba mengi yalibaki bondeni, na ndiyo sababu kaya nyingi hadi leo zina nyumba juu na dungu shambani. Msafiri anayemtembelea ndugu yake ni vyema aulize kwanza kama yupo kijijini au yuko shambani, kwani basi humfikisha kijijini tu.

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ndizo huathiri zaidi barabara ya ndani. Tope huongeza muda wa safari, makalavati huzidiwa na maji, na mara nyingine magari husitisha huduma. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliathiri wilaya za Rufiji na Kibiti kwa kiwango kikubwa, yakiharibu makazi na mashamba. Mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga na jirani yake, na wasafiri wengi walikwama. Matukio hayo yalionesha kuwa hata barabara ya lami inaweza kufungwa.

Aidha, tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022, mwenendo wa mto katika maeneo ya chini hautegemei mvua pekee, bali pia namna maji yanavyoruhusiwa kupita bwawani. Kwa hiyo, kabla ya kusafiri katika miezi ya mvua, mwananchi afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na matangazo ya halmashauri, kisha ampigie simu mtu aliyeko kijijini au Mtendaji wa Kijiji. Taarifa ya asubuhi kutoka kwa mtu anayeiona barabara kwa macho yake ndiyo yenye kutegemewa zaidi.

Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, na barabara za vijijini zinasimamiwa na TARURA. Mwananchi anayeona kalavati limevunjika au barabara imekatika atoe taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kijiji au Kata ili ifike kwa mamlaka husika kabla gari halijaingia kwenye hatari.

Nauli, tiketi na haki za abiria

Nauli za mabasi ya abiria hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, nauli ya basi la daraja la kawaida katika barabara ya lami ilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilometa. Kwa umbali wa kilometa 140, hesabu hiyo ilikaribia shilingi 6,800. Viwango hupitiwa upya mara kwa mara, hivyo msafiri aangalie nauli elekezi ya njia yake kwa wakati anaosafiri.

Abiria ana haki ya kupewa tiketi yenye jina la kituo anachoshukia na kiasi alichokilipa. Atunze tiketi hiyo hadi mwisho wa safari, kwa kuwa ndiyo uthibitisho wake pale mzigo unapopotea, gari linapoharibika au ajali inapotokea. Gari likiharibika njiani, mwenye gari ana wajibu wa kuwatafutia abiria usafiri mwingine au kuwarejeshea nauli ya sehemu ya safari iliyobaki. Malalamiko kuhusu nauli iliyozidi, lugha chafu au mwendo wa hatari yawasilishwe LATRA au kwa askari wa usalama barabarani, yakitaja namba ya gari, tarehe na saa.

Kuhusu mizigo, mpunga, samaki na mazao mengine ya chakula hubebwa kwa makubaliano na kondakta kabla ya kuondoka. Mkaa, mbao na mazao mengine ya misitu yanahitaji kibali cha usafirishaji, na yakikutwa bila kibali kwenye kizuizi hukamatwa. Abiria asikubali kubeba mzigo wa mtu asiyemfahamu.

Wagonjwa na wajawazito wasisubiri basi

Ratiba ya basi haikuundwa kwa ajili ya dharura. Mjamzito aliyepata uchungu usiku, au mtoto mchanga aliyezidiwa, hapaswi kusubiri gari la alfajiri. Serikali imeweka mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga katika hali ya dharura, ambao hupatikana kwa kupiga simu namba 115 bila malipo. Familia inashauriwa pia kutoa taarifa mapema katika zahanati ya karibu, na mjamzito mwenye dalili za hatari, au anayekaribia kujifungua wakati wa masika, asogezwe karibu na kituo cha afya kabla barabara haijaharibika.

Kurudi Dar es Salaam

Safari ya kurudi huhitaji maandalizi ya siku moja kabla. Msafiri amweleze kondakta jioni, basi linapoingia kijijini, kwamba ataondoka nalo kesho yake, na awe kituoni mapema kuliko saa aliyoambiwa. Basi likishaondoka alfajiri, lifuatalo huenda likawa la siku inayofuata, na mbadala wake ni Noah itakayosubiri ijae.

Akishafika Kibiti, msafiri hana tena sababu ya hofu. Magari ya kwenda Mbagala ni mengi, na tangu Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24 mwaka 2023, mabasi ya mikoa ya kusini hupita pia nyakati za usiku. Hata hivyo, mwenye miadi hospitalini, mahakamani au kwenye usaili Dar es Salaam asafiri siku moja kabla. Kwa muhtasari, msafiri wa Ngorongo azingatie haya:

1. Aulize saa ya gari la mwisho kutoka Kibiti kuingia bondeni kabla ya kutoka nyumbani.
2. Afike Kibiti kabla ya saa 8 mchana, na mapema zaidi wakati wa masika.
3. Abebe fedha taslimu za kutosha, maji ya kunywa na simu yenye chaji.
4. Aweke akiba ya fedha ya kulala Kibiti au Ikwiriri usiku mmoja.
5. Atunze tiketi hadi mwisho wa safari.
6. Apige 115 kwa dharura ya mama na mtoto mchanga, wala asisubiri basi.